Uzoefu wangu wa kusoma katika Chuo Kikuu cha Mediterania ya Mashariki, Kupro ya Kaskazini

Shahada yangu ya kwanza ya uhandisi wa ujenzi ilitolewa na chuo cha umma cha dola ambayo, ukiiacha Uturuki, hakuna serikali nyingine duniani inayoitambua. Wazazi wanaofikiria kumpeleka mtoto huko huniuliza kama chuo hicho ni cha kweli na kama cheti chake kinakubalika nyumbani. Huwajibu kwamba masomo niliyoyapata katika Chuo Kikuu cha Mediterania ya Mashariki, mjini Famagusta, yalistahili ada yake, lakini anayelipa ada hiyo hununua pia mgogoro mzima wa kisiwa cha Kupro, na ni afadhali auelewe kabla hajakata tiketi.

Kupro ilipata uhuru kutoka kwa Waingereza mwaka 1960 ikiwa na katiba iliyogawa madaraka baina ya Wakupro wa Kigiriki na Wakupro wa Kituruki. Mgawo huo ulivunjika kwa kumwaga damu mwishoni mwa mwaka 1963, na walinzi wa amani wa Umoja wa Mataifa waliofika mwaka uliofuata wapo mpaka leo. Mnamo Julai 15, 1974, mapinduzi yaliyosukumwa na utawala wa kijeshi wa Athens yalimwondoa Rais Makarios. Siku tano baadaye majeshi ya Uturuki yalishuka kwenye pwani ya kaskazini, na kisiwa kikabaki kimekatwa na ukanda wa Umoja wa Mataifa wenye urefu wa takriban kilomita 180. Jamii zilihama, Wagiriki wakaelekea kusini na Waturuki kaskazini. Famagusta, mji uliokuwa bandari kuu ya kisiwa, uliangukia upande wa kaskazini, na mtaa wake wa hoteli za ufukweni, Varosha, ulizungushiwa uzio na jeshi baada ya wakazi wake kukimbia.

Katika mji huo, miaka mitano tu baada ya vita, ndipo ilipofunguliwa Taasisi ya Juu ya Teknolojia iliyofundisha uhandisi. Kabla ya hapo kijana wa Kikupro wa Kituruki aliyetaka elimu ya juu alilazimika kwenda Uturuki au Uingereza, na wengi hawakurudi. Novemba 15, 1983 upande wa kaskazini ulijitangazia uhuru, na siku tatu baadaye Baraza la Usalama lilitoa azimio namba 541 la kuutangaza uhuru huo kuwa batili. Mwaka 1986 bunge la kaskazini likapitisha sheria iliyoigeuza taasisi kuwa chuo kikuu chini ya wakfu wa elimu ulioundwa na sheria hiyohiyo. Wengi hushangaa wakisikia kwamba upande wa kusini, uliokuwa tajiri zaidi na unaotambuliwa na dunia, ulipata chuo kikuu chake cha kwanza cha umma baadaye: sheria yake ilipitishwa mwaka 1989 na wanafunzi wa kwanza wakaingia mwaka 1992. Chuo hicho cha kusini kina Kigiriki na Kituruki kama lugha zake rasmi za kufundishia. Cha kaskazini, pamoja na kuwa na programu za Kituruki, kilichagua Kiingereza kwa masomo mengi, na kwa maoni yangu uamuzi huo ndio uliokinusuru, kwa kuwa ulifungua mlango kwa wanafunzi kutoka zaidi ya nchi 100. Ningetakiwa kuijua trigonometria kwa Kituruki, nisingefika.

Neno "cha umma" lina uzito wake pale, na ndilo jambo ambalo mawakala wa Dar es Salaam hawalielezi. Kupro ya Kaskazini, yenye watu wasiofikia nusu milioni, ina vyuo vikuu zaidi ya 20, na vingi ni vya binafsi. Hiki ni cha wakfu wa dola: juu kabisa iko bodi ya wadhamini wa wakfu, inayosimamia mali na bajeti, chini yake yupo rekta, yaani mkuu wa chuo, ambaye wahadhiri wenyewe humpigia kura, kisha seneti, ambayo ndiyo mwamuzi wa mitaala, kanuni za mitihani na masharti ya kuhitimu. Vitivo vina wakuu wake na mabaraza yake, kuanzia uhandisi, usanifu majengo, biashara na uchumi, sheria, elimu, mawasiliano na utalii, hadi famasia, sayansi za afya na udaktari. Kitivo cha udaktari kimepewa jina la Dk. Fazıl Küçük, aliyekuwa makamu wa rais wa Jamhuri ya Kupro wakati wa uhuru.

Mimi niliingia kusoma uhandisi wa mitambo, nikataka kuhamia ujenzi. Ombi langu halikumalizwa na afisa mmoja kwa tabasamu au kwa ubishi. Lilipita idarani, likaenda kwenye baraza la kitivo, likarudi na barua inayotaja kanuni, ikieleza ni masomo yapi yamehamishwa na yapi nitayarudia. Rafiki yangu aliyekuwa chuo kimoja cha binafsi katika mji mwingine alishughulikiwa haraka kuliko mimi, ila muhula uliofuata aliambiwa kwamba makubaliano yake hayapo popote kwenye maandishi. Mfumo wa kamati huchosha, na nilinung'unika sana wakati ule, lakini mwanafunzi wa kigeni asiye na shangazi wala mjomba katika mji ule analindwa na kanuni iliyoandikwa kuliko na wema wa mtu.

Upande mwingine wa sarafu ni fedha. Ingawa ni chuo cha umma, sehemu kubwa ya mapato yake hutokana na ada, na mwanafunzi wa kigeni hutozwa kwa fedha za kigeni. Kwa hiyo idadi ya wageni ikishuka, chuo kizima huhisi. Maisha ya mtaani, kwa upande wake, huendeshwa kwa lira ya Uturuki, nayo iliporomoka vibaya mwaka 2021. Aliyetumiwa dola kutoka nyumbani alipata nafuu kwa muda mfupi, kisha bei za vyakula zikapanda kuifuata thamani ya dola na wenye nyumba wakaanza kudai kodi kwa pauni za Uingereza. Anayepanga bajeti asiipange kwa lira.

Kuhusu mafundisho yenyewe nina sifa nyingi kuliko malalamiko. Asiyefaulu mtihani wa Kiingereza wa kuingilia hupelekwa kwanza katika shule ya lugha, na ningemshauri mtu asione haya kupita huko, kwa sababu ripoti za maabara husahihishwa bila huruma. Wahadhiri wangu wengi walisomea Uturuki, Uingereza au Marekani, na ni watu wa kufikika: mlango uko wazi, unabisha, unasema "hocam", yaani mwalimu wangu, unakaribishwa chai katika glasi ndogo na swali lako linajibiwa. Maktaba ya Özay Oral ndiko nilikolelewa, hasa wakati wa mitihani ya kati ya muhula, ambapo kupata kiti ilikuwa kazi.

Kilichonifaa zaidi hakikuwa katika mtaala. Kampasi iko kando ya barabara ya Salamis, mji wa kale ambao magofu yake yako mwendo mfupi kuelekea kaskazini, na upande wa pili uko mji mkongwe ndani ya kuta zilizoimarishwa na Waveneti kabla Waosmani hawajauteka mwaka 1571. Kuta zile ni nene na bado zimesimama imara. Ukitoka hapo ukashuka ufukweni kuelekea kusini unakutana na Varosha. Sehemu ya mtaa huo ilifunguliwa kwa wageni Oktoba 2020, jambo ambalo Umoja wa Mataifa ulilikosoa, kwa kuwa azimio namba 550 la mwaka 1984 linakataza mtaa huo kukaliwa na watu wasiokuwa wakazi wake. Niliingia nikiwa na daftari. Kwa mwanafunzi wa ujenzi, hoteli za zege zilizoachwa kando ya bahari tangu mwaka 1974 bila rangi wala matengenezo ni somo ambalo hakuna maabara inayoweza kulitoa: chumvi imepenya kwenye zege, nondo zimeota kutu na kuvimba, tabaka la juu limebanduka, na kwenye baraza nyingi vyuma vinaning'inia wazi. Pale nilielewa kwa nini mwalimu wetu alisisitiza unene wa zege la kufunika nondo kwa majengo ya pwani, jambo ambalo hapa Tanga na Dar es Salaam mafundi wengi hulipuuza. Pia niliona aibu kidogo. Kila chumba nilichokichunguza nyufa zake kilikuwa na mwenyewe, ambaye huenda yuko hai upande wa pili wa uzio akiwa na hati yake ya nyumba.

Sasa niyaseme ya kutengwa, maana hayo ndiyo yanayowashangaza wageni. Ndege zinazotua uwanja wa Ercan sharti zipite Uturuki kwanza, kwa hiyo safari yako itapitia Istanbul hata kama ungependa njia nyingine. Barua huandikwa "Mersin 10, Uturuki", Mersin ukiwa mji wa bandari wa Uturuki, kwa sababu posta ya dunia haiutambui upande ule. Kifurushi kilichoandikwa Kupro peke yake huelekea kusini. Kuvuka kwenda kusini, mpaka ulipofunguliwa Aprili 2003, kuliwarahisishia maisha Wakupro wenyewe, na tangu Novemba 2018 kuna kivuko cha Deryneia si mbali na chuo. Hata hivyo, Jamhuri ya Kupro, yaani serikali ya kusini, inahesabu Ercan kuwa si mlango halali wa kuingilia nchini. Mwenzangu wa darasani, Mkupro wa Kituruki mwenye kitambulisho cha Jamhuri, alikuwa akivuka Jumamosi kununua viatu na kurudi jioni. Mimi niliyeishi kilomita chache kutoka kivukoni sikuruhusiwa. Vivyo hivyo kwenye elimu: vyuo vya kaskazini havimo katika Erasmus, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kubadilishana wanafunzi, na upande ule haukukubaliwa katika Mchakato wa Bologna, mapatano ya nchi za Ulaya ya kulinganisha shahada zao. Anayeota muhula mmoja Ujerumani kwa ufadhili wa Ulaya aende kwingine.

Matumaini ya hali hiyo kubadilika yalikuwapo. Mnamo Aprili 24, 2004 pande zote mbili zilipigia kura mpango wa kuunganisha kisiwa uliobeba jina la Kofi Annan; takriban asilimia 65 ya Wakupro wa Kituruki waliukubali, na takriban asilimia 76 ya Wakupro wa Kigiriki waliukataa. Wiki moja baadaye Kupro iliingia Umoja wa Ulaya ikiwa bado imegawanyika. Wahadhiri waliokuwapo wakati ule huizungumzia kura hiyo kwa sauti ya mtu aliyenyang'anywa kitu mkononi. Nimewasikia pia wenzao wa kusini wakieleza, katika mikutano ya mtandaoni, hofu zilizowafanya wakatae, nami sidhani kwamba mgeni ana haki ya kuwaamulia.

Linabaki suala la cheti, na hapa ndipo uzito wa chuo hiki unapoonekana. Kwa kuwa dola haitambuliwi, chuo kimejenga utambulisho wake kwa njia za pembeni. Kinasimamiwa na YÖDAK, bodi ya elimu ya juu ya kaskazini, na kinatambuliwa na YÖK, baraza la elimu ya juu la Uturuki, ambalo uamuzi wake una nguvu kwa sababu Uturuki inatambulika. Muhimu zaidi kwa fani yangu, programu ya uhandisi wa ujenzi ina ithibati ya ABET ya Marekani, taasisi inayopima mtaala, maabara na kazi za wanafunzi bila kujali bendera iliyoko langoni. Mwaka 2024 kashfa ya shahada bandia ilipokikumba chuo kimoja cha binafsi huko kaskazini, wahitimu wote wa upande ule tulianza kuulizwa maswali, na wenye ithibati za nje ndio waliojibu kwa urahisi.

Wakala aliyenipeleka, ambaye sitamtaja, aliniahidi kwamba nikirudi sitahitaji utaratibu wowote. Hakuwa mkweli. Niliporudi niliwasilisha cheti na nakala ya matokeo Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania kwa ajili ya tathmini ya tuzo za nje, na baada ya hapo ndipo nilipoweza kuomba usajili Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Kwa anayekwenda sasa, ningemwomba afanye haya akiwa bado nyumbani: aiulize Tume kuhusu programu anayoitaka kwa jina lake kamili, kwa sababu ithibati hutolewa kwa programu na si kwa chuo kizima, aandikie ofisi ya udahili ya chuo moja kwa moja badala ya kupitia kwa wakala, na atenge fedha za vipimo vya afya, bima na kibali cha ukaazi, ambavyo havimo katika ada iliyotangazwa. Akiwa huko, asingoje kuhitimu ndipo aanze kukusanya mihuri. Maelezo ya kila somo, yenye sahihi ya idara, huombwa kirahisi ukiwa kampasini, na kuyaomba ukiwa Tanga, kwa anwani ya posta inayopitia Mersin, ni shughuli nyingine kabisa.