Baiskeli ya Kukutoa Nakuru Hadi Kisumu: Ipi Ununue, Ipi Uache

Kila mwaka ukianza napigiwa simu za aina moja. Mtu ameona kundi letu likipita Njoro Jumapili asubuhi, ameamua naye mwaka huu atapanda baiskeli, na anachotaka kujua ni kimoja tu: "Ninunue gani?" Kabla sijajibu namwuliza mambo mawili. Una pesa ngapi, na fundi wako ni nani? La kwanza huwa wamelitarajia. La pili huwachekesha, na baada ya miezi mitatu hawacheki tena.

Nimezipanga baiskeli hizi kwa kipimo kimoja: safari ya Nakuru hadi Kisumu kupitia Kericho, karibu kilomita 185, kwa mtu wa kawaida mwenye kazi ya wiki nzima na mazoezi ya wikendi. Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Unapanda Salgaa, unapanda Sachangwan, mpaka Mau Summit kwenye mita 2,500 hivi na baridi yake. Halafu ni mashamba ya chai ya Kericho, kisha mteremko mrefu hadi kwenye joto la Awasi na Ahero, na unaingia Kisumu kwenye mita 1,130 hivi. Baiskeli ikiiweza njia hiyo, Kisumu–Busia itaiweza, na Eldoret–Iten pia.

Kabla ya rangi

Baiskeli yangu ya kwanza ya barabara niliinunua kwa sababu ilikuwa nyekundu. Fremu yake ilikuwa ya sentimita 58, nami nina kimo cha sentimita 170. Muuzaji alishusha kiti mpaka kikakaribia kulala juu ya bomba, akaniambia, "Utaizoea, bosi." Sikuizoea. Nikifika Molo, vidole viwili vya mwisho vya kila mkono vimekufa ganzi na shingo inauma kama nimebeba gunia la viazi vya huko huko. Mwishowe niliiuza kwa hasara kwa mwalimu mmoja mrefu wa Rongai. Bado anaiendesha, na tukikutana njiani hunipita akipiga kengele.

Mtu wa kimo changu anatafuta fremu ya 54 hivi. Mara nyingi namba iko kwenye kibandiko kwenye bomba lililo chini ya kiti. Kama kimebanduka, simama juu ya bomba la juu miguu ikiwa chini: pabaki nafasi ya vidole viwili au vitatu kati yako na bomba. Kisha panda, shika handeli, uone kama viwiko vinakunjika kidogo. Kiti kinapanda na kushuka, lakini fremu ikiwa ndefu kwenda mbele hakuna fundi atakayekukatia.

Jambo la pili ni meno ya gia. Baiskeli nyingi za mitumba kutoka Ulaya zilitengenezwa kwa ajili ya watu wa mashindano: mbele meno 52 na 39, na nyuma gia kubwa kabisa ina 25 au hata 23. Kwenye tambarare ya Ahero ni raha tupu. Sachangwan ni adhabu. Ukiwa na 39 mbele na 25 nyuma, ukazungusha pedali mara 60 kwa dakika, baiskeli inakwenda karibu kilomita 12 kwa saa. Mlima ukikukatalia kasi hiyo, unaanza kusimama juu ya pedali, na magoti yanaanza kulia. Ukiwa na 34 mbele na 32 nyuma, mizunguko ile ile inakupa kilomita 8, na unapanda huku ukipiga gumzo na mwenzako. Kwa hiyo inama uhesabu meno. Muuzaji atakushangaa, mwache ashangae. Yeye atakutajia "gia 21", na idadi hiyo peke yake haikuambii chochote kuhusu mlima. Angalia pia ule mkono unaoning'inia chini ya gia za nyuma na kukaza cheni: ule mfupi wa mbio za zamani mara nyingi hauwezi kubeba gia ya 32.

1. Mtumba wa barabara wenye nafasi ya tairi pana

Hii ndiyo naipa nafasi ya kwanza, na siyumbi. Nazungumzia ile yenye handeli iliyopinda kama pembe za kondoo, fremu ya alumini au chuma chepesi, foki (ule uma unaoshika gurudumu la mbele) ngumu isiyo na springi, na nafasi ya kutosha kati ya tairi na fremu kuvaa tairi ya milimita 32 au zaidi. Huko zilikotoka zilikuwa za safari ndefu za mizigo au za kukimbizana kwenye matope, ndiyo maana zimejengwa kwa uvumilivu.

Sababu utaiona ukifika upande wa Awasi. Trela za miwa zina tabia yake. Ukisikia moja nyuma na kuona nyingine mbele, unatoka kwenye lami bila mjadala, na ukingo wa lami mahali pengine umelika mpaka umekuwa ngazi. Tairi ya 32 inashuka kwenye kokoto na kurudi. Ya 23 inashuka vizuri tu, kurudi ndiko hakuna.

Chagua yenye gia 8 au 9 nyuma. Cheni ya gia 8 ndiyo hiyo hiyo ya 7 na ya 6, kwa hiyo hata fundi wa kituo kidogo cha soko ana kipande cha kukusaidia. Ya gia 11 ni nyembamba zaidi, na ikikukatikia Londiani utaisukuma. Breki ziwe za waya, ziwe za rimu au za sahani. Za rimu hulegea mvua ya alasiri ikikukuta Kericho, hilo ni kweli, lakini raba zake zinapatikana. Za sahani zinazotumia mafuta hushika vizuri sana mpaka siku zitakapovuja, ndipo utajua fundi wako hana mafuta yake wala sindano ya kuyatia.

Kwa bei ninazoziona Nakuru, jiandae na Sh30,000 hadi Sh45,000, ukijua utatajiwa zaidi. Usiende peke yako. Mimi huenda na mzee mmoja fundi aliyeanza kazi enzi za Black Mamba, zile baiskeli nzito za chuma za gia moja, na silaha yake ni rula ya shule ya inchi 12. Siku moja tulikuwa tunamtafutia shemeji yangu.

"Cheni imekwisha hii," mzee akasema.

"Imekwisha vipi, mzee, na inazunguka?" kijana muuzaji akauliza.

Mzee hakujibu. Aliweka pini moja ya cheni kwenye sifuri ya rula, akahesabu pini 24 zinazofuata, akimwonyesha kijana kwa ukucha. Ya mwisho ilipaswa kukaa juu ya inchi 12 barabara. Ilikuwa imepita kwa unene wa njiti ya kiberiti. Ikipita kiasi hicho, cheni ni ya kutupa. Ikipita mara mbili yake, meno ya nyuma nayo yamekwenda.

"Punguza elfu mbili, mwanangu," mzee akamwambia. Kijana akapunguza elfu moja na mia tano, na sote tukajifanya tumeshinda.

Ukiwa hapo hapo, chukua kitambaa chenye maji ufute chini ya bomba linaloshuka kutoka kwenye handeli, hasa pale lilipochomelewa mbele. Mstari mwembamba kama unywele kwenye rangi huenda ukawa ufa, na fremu ya alumini yenye ufa usiichukue hata ya bure. Pitisha kidole gumba kwenye ubavu wa rimu: ukihisi kibonde, breki zimeshaila. Mwisho, legeza nati ya kiti ujaribu kuzungusha nguzo yake. Nguzo ya alumini ikikaa miaka ndani ya fremu ya chuma bila grisi huganda humo, na kiti kitabaki kwenye urefu wa Mzungu aliyeiuza.

2. Mtumba wa mbio

Ni dada mwembamba wa hiyo ya juu. Nyepesi, inaitika ukiikanyaga, na kwenye lami nzuri utawaacha wenzako. Tatizo ni kwamba nyingi hazipokei tairi kubwa kuliko 25, na gia zake ndizo zile nilizolalamikia. Ikiwa uko Kisumu na mazoezi yako ni Ahero na kurudi, unaweza kuipandisha iwe namba moja. Lakini ukigeukia mlima wa Riat kuelekea Kakamega utanikumbuka. Weka kando pesa za kubadilisha gia za nyuma tangu siku ya kununua.

3. Baiskeli ya milimani yenye foki ngumu

Huenda mfukoni una Sh15,000 tu. Usingoje. Tafuta ya milimani yenye foki ngumu, ng'oa zile tairi zenye meno makubwa zinazonguruma kwenye lami, vaa tairi laini nyembamba. Ya inchi 26 ina faida kwamba tyubu yake utaipata karibu kila soko. Ukipata ya inchi 29, kuna jambo ambalo wauzaji wengi hawalijui: rimu yake na ile ya baiskeli ya barabara, inayoandikwa 700, zina kipenyo kimoja, milimita 622. Maana yake tairi ya barabara ya 38 au 40 inakaa vizuri, na umepata nusu ya namba moja kwa bei ya chini.

Utachoka mikono kwa sababu handeli iliyonyooka haikupi mahali pa kubadilisha mshiko, na upepo wa mchana tambarare ya Kano utakupiga kifuani. Lakini nina rafiki aliyefika Kisumu na ya namna hii, akala samaki kando ya ziwa sawa na sisi.

4. Black Mamba

Wengi hawaiweki kabisa kwenye orodha kama hii. Mimi naiweka, tena juu ya zingine zinazong'aa. Huko Busia ndiko baiskeli za chuma za aina hii zilizaa jina bodaboda, zikivusha watu na mizigo kati ya vituo viwili vya mpaka. Ina gia moja, breki za vyuma, uzito unaopita kilo 20, na haivunjiki. Kwa mazoezi ya miezi ya kwanza, Nakuru hadi Njoro na kurudi mara tatu kwa wiki, itakujenga mapaja kuliko nyingine yoyote hapa. Kwa Mau Summit, hapana.

Tahadhari moja tu: tairi yake ya 28 x 1½ inakaa kwenye rimu ya milimita 635. Kuna tairi za 700 ambazo nazo zimeandikwa 28, na muuzaji atakuapia kwamba ni kitu kimoja. Tofauti ya milimita 13 inatosha kukufanya ukeshe na spana ukiilazimisha.

5. Kaboni ya mitumba

Baiskeli yenye fremu ya kaboni ni nzuri kama unajua imeanguka mara ngapi, na hujui. Ufa wa kaboni unaweza kujificha chini ya rangi safi. Ukiwa na pesa hizo, nunua namba moja na kinachobaki kitie kwenye magurudumu.

6. Mpya yenye springi mbili, ile ya dukani

Inang'aa, ina stika ya umeme wa radi, na kila ukikanyaga springi ya nyuma inakunywa nguvu zako. Mnunulie mtoto.

Pesa za kubakiza

Usimalize bajeti kwenye baiskeli. Acha kama robo yake: helmeti, taa ya nyuma inayowaka hata mchana, tyubu mbili, viraka na gundi, chupa mbili za maji. Wanaoanza hununua saa ya kupima mapigo ya moyo kabla ya tyubu ya akiba, na sijui kwa nini. Mazoezi yenyewe hayahitaji mashine: refusha safari yako ya Jumapili pole pole, 40, 60, 80, mpaka kilomita 120 isikulaze kitandani Jumatatu. Kula ndizi au mandazi kabla njaa haijakuambia.

Halafu kuna kitu kidogo cha shaba ambacho watu hukisahau. Tyubu nyingi za baiskeli za barabara zina vali nyembamba, na mpira wa upepo wa kituo cha petroli umetengenezwa kwa vali nene kama ya gari. Kile kipande kidogo cha kuunganisha kina ukubwa wa punje ya hindi na bei yake ni ya soda. Mara ya kwanza nilipopata pancha karibu na Awasi, pampu yangu ilikuwa imebaki nyumbani. Nilibandika kiraka, nikasukuma baiskeli juani mpaka kwenye petroli, na kijana wa pale akalizungusha gurudumu mara tatu akitafuta pa kupachika mpira wake. Siku hizi kimoja kiko mfukoni, kingine nimekifunga kwenye vali ya gurudumu la mbele, hakitoki.