Wirtgen WR 240: lami chakavu inasagwa na kurudishwa palepale

Barabara yenye nyufa zilizotanda njia nzima ya matairi haiponi kwa kuongezewa tabaka jingine juu; nyufa zitapanda tu. Kazi ya WR 240, mashine ya Wirtgen ya kusaga barabara, ni kuisaga lami hiyo pamoja na sehemu ya tabaka la msingi, kuichanganya na kiunganishi kipya (bitumini, ile gundi nyeusi ya lami, pamoja na saruji), na kuiacha nyuma ikiwa tayari kwa rola. Ngoma yake ya meno ina upana wa mita 2.4 na inashuka hadi sentimita 51, ingawa kazi nyingi za barabara huishia kati ya 15 na 25.

Faida inaonekana kwenye hesabu ya kilomita moja. Upana wa mita 7 na kina cha sentimita 20 ni mita za ujazo 1,400, karibu tani 2,900. Zote zinabaki zilipo. Kinacholetwa ni bitumini ya asilimia 2.2 ya uzito huo, takriban tani 64, na saruji ya asilimia 1, yaani mifuko 580 hivi ya kilo 50. Kuleta kokoto mpya kiasi hicho ni karibu safari 100 za lori la tani 30, kabla hujahesabu safari za kumwaga kifusi cha zamani.

Saruji hutandazwa kwanza. Mashine husukuma boza la bitumini mbele yake na kuvuta maji kutoka boza la pili. Bitumini ya moto ikikutana na maji kidogo, asilimia 2 hadi 3 ya uzito wake, inaumuka kuwa povu. Hapo ndipo kazi inapoharibika mara nyingi. Pembeni mwa mashine kuna nozeli (mdomo wa kupulizia) ya majaribio: jaza ndoo na utazame. Povu liumuke angalau mara 8, na lichukue sekunde 6 au zaidi kushuka hadi nusu ya kimo. Bitumini ikiwa chini ya nyuzi joto 160 za Selsiasi povu linakuwa hafifu, na boza likiwa na mabaki ya kemikali ya kuzuia povu hutapata kitu hata ukipandisha joto. Pima joto ndani ya boza lenyewe, usiamini karatasi ya dereva.

Kisha chukua konzi ya mchanganyiko nyuma ya ngoma, uikamue. Kiganja kikibaki na vitone vidogo vilivyosambaa, endelea. Ukiona nyuzinyuzi nyeusi au vibonge vinavyong'aa, simamisha mashine: ama povu ni bovu, ama nozeli imeziba. Chanzo kingine ni uchache wa vumbi. Povu hushika chembe laini kuliko kokoto, kwa hiyo zinazopita chekeche ya milimita 0.075 zisipungue asilimia 4. Lami iliyosagwa peke yake mara nyingi haifikii hapo. Ongeza vumbi la kreshi, mtambo wa kusaga mawe.

Saruji isizidi asilimia 1. Wakandarasi hupenda kuongeza kwa sababu vipimo vya maabara vinapanda, lakini tabaka linakuwa gumu na kupasuka, na faida ya bitumini inapotea.

Mpangilio wa pasi, yaani kila mpito wa mashine, nao una mtego. Kwa upana wa mita 7, pasi tatu zenye kupandana sentimita 10 zinatosha kabisa, ila mishono inaangukia karibu na njia ya matairi. Pasi nne, mbili kwa kila upande, ni bora. Lakini funga nozeli za sehemu inayopandana, la sivyo hapo unamwaga bitumini mara mbili, na barabara italainika mstari mmoja mrefu.

Nyuma ya mashine, rola ya miguu ya kondoo ianze mara moja, greda isawazishe, kisha rola laini na ya matairi. Saruji haisubiri chakula cha mchana. Magari yanaweza kupita siku hiyohiyo, ila tabaka la juu lisubiri unyevu ushuke chini ya nusu ya ule wa kushindilia. Asubuhi za Julai huko Njombe, nyenzo zikiwa chini ya nyuzi 10, usianze.

Udhaifu wa WR 240 ni wa maumbile. Kwenye mtaa wenye vifuniko vya majitaka, mabomba ya juujuu au kalvati zisizo na kina, haifai. Hapo ni heri kukwangua lami, kuibeba, na kuichanganya kwenye mtambo wa kando kama KMA 240. Udongo wa chini ukiwa tope, chimba kwanza. Mifereji iliyoziba haiigusi kabisa. Na kagua meno kila boza linapobadilishwa: jino likidondoka, kishikio chake ndicho kinacholiwa, na hicho ni ghali zaidi na kinachukua muda kukibadilisha.