Uzoefu wangu: NHS App na majibu yangu ya homa ya ini

Nipo Uingereza muda sasa na hii NHS App, programu ya simu ya huduma za afya za serikali huku, nilikuwa naisikia tu kwa watu, nimekuja kujisajili pale GP, yaani daktari wangu wa kliniki ya mtaa, aliponipima homa ya ini B, maana huku wanashauri mtu aliyezaliwa nchi ambazo ugonjwa uko kwa wingi apimwe hata kama hajisikii chochote. Mapokezi wakanambia majibu utayaona kwenye simu.

Kujisajili ni bure, na hili nalisisitiza kwa sababu meseji za matapeli zipo nyingi, ukiona inakudai namba ya kadi ya benki futa hapo hapo. Unaweka imeili na paswedi, wanakutumia namba sita kwenye simu, halafu unapiga picha paspoti na simu inakukagua sura. Mi nilikwama kwenye jina. Kliniki yetu walikuwa wamegeuza majina yangu, la baba likakaa mwanzo, na paspoti inasema kingine, basi mfumo ukagoma kunitambua mpaka nikaenda kurekebishiwa, kwa hiyo ndugu zangu wenye majina matatu hilo likagueni kabla ya kuanza.

Kwenye usiri naipa alama zote. Nimeweka alama ya kidole, mtu akishika simu yangu haoni kitu, na kwa jamii yetu hilo ni kubwa sana, ikijulikana tu umepimwa homa ya ini maneno yashafika mpaka ukweni.

Sasa majibu. Yalikuja usiku, mistari mitatu: HBsAg negative, anti-HBc positive, anti-HBs positive. Hizo positive mbili zilinikosesha usingizi. Shangazi wa mke wangu tunakaa naye, kusikia hivyo akanitengea kikombe changu na sahani yangu pembeni ya sinki, na simlaumu hata kidogo, ndivyo tulivyokuzwa.

Kesho yake nesi akanieleza vizuri kwenye simu. HBsAg ndio mstari wa kuangalia kwanza, ikiwa positive maana yake virusi vimo mwilini sasa hivi. Anti-HBc inaonyesha viliwahi kuingia, na anti-HBs ni kinga. Yaani mi niliambukizwa zamani bila kujua na mwili ukavishinda, siambukizi mtu. Mtu mzima akiambukizwa wengi hupona hivyo, chini ya asilimia 5 tu ndio hubaki na ugonjwa wa kudumu, lakini mtoto mchanga ni kinyume kabisa, kama asilimia 95 hubaki nao, na huo unakuja kuleta ini kusinyaa au saratani. Ndio maana watoto waliozaliwa huku tangu Agosti 2017 wote wanapewa chanjo yake kuanzia wiki 8.

Vinaambukiza kwa damu, kwa ngono na mama kumwambukiza mtoto wakati wa kujifungua. Nje ya mwili vinaweza kukaa hai siku 7 au zaidi, kwa hiyo wembe, mswaki na mashine ya kunyolea usichangie na mtu. Kula pamoja, kikombe, kukumbatiana, hapana, havipiti huko. Nilimweleza shangazi yote hayo taratibu, akakichukua kikombe akakirudisha kabatini na vingine, chai tukanywa.

Kitu kingine nesi alisema na sikuwahi kukisikia popote: hata ukishapona virusi vinaweza kuwa vimejificha kwenye ini, vikaamka ukipewa dawa zinazoshusha kinga kama baadhi ya zile za saratani, kwa hiyo daktari yeyote mpya lazima umwambie.

Kwa jumla naipendekeza sana, ila majibu yanakuja kwa lugha ya maabara, usiyasome peke yako usiku, piga GP asubuhi na omba mkalimani wa Kiswahili kama Kiingereza kinakusumbua, hulipii. Na kama paspoti huna, waombe mapokezi zile taarifa tatu za kujisajilia, unaingia bila kupiga picha yoyote.