Dawa ya kuoshea masikio kwa mbwa wa masikio ya kulala: uzoefu wangu hapa Malindi

Hii ni dawa ya kuoshea masikio, tofauti na ile ya matone ya kutibu, na wengi huzichanganya. Inakuja kwenye chupa ya mililita 120 hivi yenye mdomo mrefu laini. Inapatikana kwa madaktari wa mifugo na kwenye baadhi ya maduka ya dawa za mifugo. Sitataja kampuni kwa sababu chupa nyingi zinafanana, na cha muhimu ni maandishi ya nyuma. Mimi hutafuta yenye asidi salisiliki, dokusati na EDTA, isiyo na spiriti. Dokusati hulainisha nta, asidi salisiliki hubandua ngozi iliyokufa na kusaidia sikio likauke, na EDTA hudhoofisha kuta za bakteria. Chupa iliyoandikwa manukato na aloe vera peke yake irudishe rafuni.

Kwa spanieli, pudeli na machotara wao, wale wenye masikio mazito na manyoya ya kujikunja kama sufi, sijaona kitu kinachoishinda kwa kinga. Kwa sikio ambalo limeshaoza, hii peke yake haitoshi.

Hali yetu ya hewa ndiyo inayofanya chupa hii iwe ya lazima. Kuanzia Aprili, masika yakishika na kusi kuvuma, hata nguo kwenye kamba hazikauki vizuri, sembuse tundu lililofunikwa na sikio zito na manyoya juu yake. Mwili wa mbwa una joto la nyuzi 38 hadi 39. Kuvu aina ya Malassezia huishi kwenye ngozi ya mbwa mwenye afya bila kumdhuru, lakini akipata joto na unyevu wa kudumu huzaana kupita kiasi, na bakteria hufuata. Ongeza bahari: mbwa anayeogelea wakati Mto Sabaki umejaa na maji ya ghuba yamekuwa rangi ya tope, hurudi na mchanga laini ndani ya masikio. Kumsuuza kwa maji ya kisima, ambayo huku mara nyingi yana chumvi, hakuyakaushi masikio hayo.

Sasa matumizi, maana hapa ndipo dawa nzuri huonekana mbovu. Mfereji wa sikio la mbwa hushuka wima, kisha hukata kona kuingia ndani hadi kwenye kiwambo, ile ngozi nyembamba inayofunga sikio la nje. Urefu wake wote ni sentimeta 5 hadi 10. Matone mawili matatu yanaishia mlangoni. Inua sikio, livute juu na nje kidogo ili kona inyooke, kisha mimina mpaka uone maji yamejaa kwenye tundu. Kwa spanieli wa kawaida ni kama mililita 4 au 5 kila sikio. Mdomo wa chupa usiguse ngozi. Ukigusa, ufute kwa pamba yenye spiriti na uuache ukauke kabla ya kufunika, la sivyo utahamisha vijidudu kutoka sikio moja hadi jingine.

Kisha shika chini ya tundu, pale unapohisi kitu kigumu kama bomba dogo, na ukande taratibu kwa sekunde 30 hadi dakika nzima. Lazima usikie mlio wa maji yakichezacheza ndani. Usiposikia, maji hayajafika au nta imeziba. Mwache atikise kichwa, na hii ifanyie nje, kwa sababu uchafu utaruka hadi ukutani. Uchafu wa kona ya ndani hutoka kwa kutikisa kule, kwa hiyo usimzuie. Ndipo ufute kwa shashi au pamba iliyozungushwa kidoleni, na usiingize zaidi ya pale kidole kinapofika chenyewe. Vijiti vya pamba viacheni kabisa: vinasukuma nta hadi kwenye kona, inajikusanya, na siku moja inagusa kiwambo.

Chupa isiwe baridi. Maji baridi yakifika ndani mbwa huyumba kwa kizunguzungu, na kuanzia hapo akiiona chupa anaingia chini ya gari. Ishike viganjani dakika chache kwanza.

Ratiba ninayoifuata kwa masikio yasiyo na ugonjwa ni mara moja kwa wiki wakati wa masika, kila baada ya wiki mbili kaskazi ikivuma na hewa ikiwa kavu kidogo, na kila baada ya kuogelea, siku hiyo hiyo. Kuosha kila siku sikio lisilo na ugonjwa kunalainisha ngozi mpaka inachubuka, na hapo unakuwa umetengeneza ugonjwa uliotaka kuukinga.

Kasoro zake zipo. Inaacha unyevu wa kunata kwenye manyoya ya mlangoni, na kwa mbwa wa ufuoni mchanga hushika palepale, kwa hiyo lazima ufute manyoya ya nje vizuri. Bei yake ni kubwa ukilinganisha na siki ya dukani, nalo swali la siki huulizwa kila mara. Siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu huua baadhi ya bakteria kweli, lakini kwenye ngozi iliyochubuka inachoma, na haiyeyushi nta. Haidrojeni peroksaidi hutoa povu la kuvutia macho, kisha huacha maji na ngozi iliyokereka. Mafuta ya nazi, ambayo ndiyo dawa ya kwanza nyumba nyingi za Pwani, yanafunga unyevu ndani na kumlisha kuvu, maana kuvu huyu hupenda mafuta. Mafuta yabaki kwenye nywele na jikoni.

Kuna wakati usimimine kitu chochote. Mbwa akiwa amepinda kichwa upande mmoja, anayumba, analia ukimgusa, au anaogopa kufungua mdomo kula, huenda kiwambo kimetoboka na ugonjwa uko sikio la kati. Dawa nyingi, hata zile nzuri, zikivuka kiwambo kilichotoboka zinaweza kumfanya kiziwi. Daktari wa mifugo aangalie ndani kwanza kwa kifaa chake chenye taa. Ukimwona anachukua uchafu kwa kijiti, anaupaka kwenye kioo, anautia rangi na kuutazama kwa darubini, ujue umefika pazuri. Rangi ya uchafu inadokeza tu. Kahawia yenye harufu ya uvundo mtamu mara nyingi ni kuvu. Majimaji ya manjano au kijani mara nyingi ni bakteria. Chengachenga nyeusi kama masimbi ya kahawa, hasa kwa mtoto wa mbwa, huenda ni utitiri. Lakini nimeona madawa mengi ya bakteria yakimwagwa kwenye masikio ya kuvu, kwa sababu tu hakuna aliyetazama.

Ukipewa matone ya kutibu, osha kwanza, subiri angalau nusu saa sikio likauke, ndipo utie matone. Asidi iliyobaki kutoka kwenye dawa ya kuoshea hupunguza nguvu ya baadhi ya antibiotiki, jentamisini ikiwemo. Kiasi nacho kitoshe: sikio la spanieli linahitaji nusu mililita hadi mililita moja, na bomba la sindano lisilo na sindano linapima vizuri kuliko kuhesabu matone. Maliza siku zote ulizoandikiwa, kisha mrudishe akaangaliwe tena. Harufu huisha mapema kuliko ugonjwa, na watu wengi huacha hapo.

Kung'oa manyoya ya ndani ya sikio lisilo na ugonjwa sikubaliani nako. Kila unywele unaong'olewa unaacha kidonda kidogo. Kinachosaidia ni kunyoa upande wa ndani wa sikio linaloning'inia na kuzunguka tundu, kwa mashine yenye wembe namba 10, ili hewa ipite. Ndani kabisa, yang'olewe pale tu yanapoziba na dawa haipiti, na daktari ndiye aamue.

Masikio yakirudia kuugua kila baada ya miezi michache, na zaidi yakiwa yote mawili huku mbwa akilamba nyayo, usilaumu dawa wala bahari. Hiyo ni dalili ya mzio, na sikio ni sehemu tu ya ngozi inayowasha. Kama daktari anashuku chakula, jaribio ni wiki 8 za aina moja ya nyama ambayo hajawahi kula na wanga wa aina moja, bila kingine. Nyumba nyingi hapa mlinzi, mpishi na watoto wote humtupia mbwa kitu, kwa hiyo kaeni pamoja mkubaliane kabla ya kuanza: kipande kimoja cha samaki au kichwa cha dagaa kinaweza kuharibu jaribio zima, na inabidi wiki zihesabiwe upya.