Pambo la dirisha: shanga za karatasi au lubugo?

Kwa gharama, shanga hushinda, kwani kalenda kuukuu hukatwa pembetatu ndefu nyembamba, ambazo hata mtoto mdogo huviringisha kwenye kijiti na kubandika kwa gundi, ilhali lubugo, kitambaa cha gome la mti cha Uganda, hununuliwa. Hata hivyo, lubugo hutoka kwenye gome la mti wa mutuba, ambao haukatwi: shina hufunikwa kwa majani ya mgomba na gome huota tena. Ufundi huo, ambao UNESCO iliuorodhesha kuwa urithi wa utamaduni mwaka 2008, unastahili kusimuliwa watoto mkasi ukiwa mkononi.

Kwa utunzaji, lubugo hukung'utwa vumbi tu, lakini huzuia mwanga. Shanga huupitisha, ila zisipopakwa vanishi huharibiwa na mvua. Penye watoto wadogo na dirisha lenye kioo, ningeanza na shanga. Penye jua kali la mchana, lubugo.