Siriz za kununua na kuangalia mpaka mwisho, nimezipanga kuanzia ile bora

Swali la kwanza kabla hujatoa pesa si kama siriz yaanza vizuri, maana siku hizi karibu zote zaanza vizuri, swali ni yaishaje. Siriz ya sizoni tano yakula masaa hamsini sitini ya maisha yako na bando juu, halafu ufike mwisho ukute waandishi walishachoka zamani, hapo nani wa kukurudishia? Kwa hivyo hii orodha nimeipanga kwa kigezo kimoja kikubwa, iwe imekwisha na iwe imekwisha vizuri. Zinazoendelea bado sijaweka hata moja, hata kama mtaa mzima wazisema.

Hesabu ya bando kwanza. Netflix wenyewe husema kiwango cha kawaida cha picha chala kama GB 1 kwa saa, ukipandisha picha iwe kali, yaani HD, yafika GB 3, sasa piga hesabu siriz ya masaa 50 kwa HD uone ni GB ngapi hizo. Kama nyumbani hamna waifai, daunlodi ukiwa mahali penye waifai, uweke kiwango cha chini, uje uangalie kwenye matatu au foleni ya feri pale Likoni, kwa kioo cha simu tofauti hata huioni. HD waachie wenye tivii kubwa. Na kabla hujalipia mwezi ingia utafute ile siriz unayoitaka kama ipo, maana siriz huhama, leo iko huku kesho iko kwa wengine. Kama wewe ni wa kujaziwa fleshi dukani, hesabu epi (vipindi) palepale kaunta, na ndo maana hapa chini kila moja nimeiandikia idadi yake.

1. The Wire (HBO, 2002 mpaka 2008, sizoni 5, epi 60)

Hii ndo nambari moja na sioni ya kuitoa hapo. Ni mji wa Baltimore kule Marekani, polisi na wauza unga, lakini ukidhani ni ya polisi na majambazi tu utashangaa, maana kila sizoni yafungua mlango mwingine wa mji uleule, mara bandari, mara siasa za city hall, mara shule, mara gazeti. Aliyeianzisha, David Simon, alikuwa ripota wa gazeti la Baltimore Sun, na mwenzake Ed Burns alikuwa askari mpelelezi kisha akawa mwalimu, kwa hivyo hawa watu wanaandika vitu walivyovishika kwa mikono yao na unaona.

Kuna sehemu moja mapema kabisa kwenye sizoni ya kwanza, vijana wawili wamekaa nje kwenye yale mafleti yao wanacheza drafti, ila kete wanazotumia ni za sataranji. Mkubwa wao, D'Angelo, awauliza mbona mwacheza hivyo, wamwambia sataranji hawaijui. Basi akaa chini awafundisha, huyu mfalme, huyu yuaenda hivi, na hawa wadogo wa mbele ndo askari, hawa hutolewa mapema. Kijana mmoja auliza na askari mdogo akifika upande wa pili je? Ni dakika chache tu, hakuna bunduki, lakini ukifika sizoni ya nne utaikumbuka ile meza na itakuuma.

Na sizoni ya pili ndo yetu sisi watu wa Mombasa. Watu wengi huko nje huiruka ati yaboesha, sisi tusiiruke. Ni bandari, meli zimepungua, wafanyakazi wa gati wapata siku mbili tatu za kazi kwa wiki, na kiongozi wa chama chao Frank Sobotka apitisha makontena ya watu wabaya ili apate pesa za kuwashawishi wanasiasa mfereji uchimbwe meli zirudi. Kama una jamaa yako bandarini Kilindini au alikuwa na kazi CFS, zile yadi za makontena, au uliyaona yale maandamano ya 2019 mizigo ilipolazimishwa kupanda reli ya SGR, huhitaji kufafanuliwa kitu, utajua kwa nini mtu mzima mwenye heshima zake afika pale. Mie naona hakuna siriz nyingine iliyoonyesha mji wa bandari kwa heshima namna hii.

Tahadhari, Kiingereza chake ni cha mtaani sana, washa maandishi ya chini hata kama Kiingereza chako ni kizuri, na uipe epi nne kabla hujahukumu. Matusi yamejaa, kwa hivyo si ya sebuleni na wazee.

2. Breaking Bad (2008 mpaka 2013, sizoni 5, epi 62)

Kama hujawahi kumaliza siriz yoyote anza na hii, ndo rahisi kuishika. Dakika ya kwanza kabisa waona suruali yaelea hewani jangwani, halafu gari linakimbia, dereva amevaa chupi na kinyago cha gesi, na utataka kujua tu imekuwaje. Ni mwalimu wa kemia, Walter White, aambiwa ana kansa ya mapafu aanza kupika dawa za kulevya. Uzuri wake ni kwamba kila kosa lina bei na lalipwa, hakuna kitu chadondoka kutoka mbinguni. Sizoni ya kwanza ina epi 7 tu kwa sababu ya mgomo wa waandishi kule Marekani, usidhani umepunjwa. Ukimaliza kuna Better Call Saul, siriz iliyozaliwa kutoka hii, epi 63, yaenda polepole zaidi na kuna watu wasema ni bora, mie bado naiweka nyuma kidogo.

3. Chernobyl (2019, epi 5)

Wikendi moja umemaliza. Ni ule mlipuko wa kinu cha nyuklia Aprili 1986 kule Ukraine, enzi za Usovieti, na kinachotisha si moto, ni wakubwa wanaokataa kukiri kilichotokea huku watu wamesimama darajani wakiangalia. Epi ya nne wanajeshi wapandishwa kwenye paa kuondoa vifusi, kila mtu apewa sekunde 90 tu, na kamera yawafuata bila kukata. Usiangalie huku unakula.

4. Diriliş: Ertuğrul (Uturuki, 2014 mpaka 2019, sizoni 5)

Hii ndo ya kuangalia na mama, na shangazi, na watoto, hakuna sehemu ya kukimbilia rimoti. Ni habari za Ertuğrul, baba yake Osman aliyeanzisha dola ya Usmani, na ndani mna farasi, mahema, usaliti wa ndugu, na sheikh wa kisufi Ibn Arabi akitoa mawaidha ambayo wazee hutaka yarudishwe wayasikie tena. Lakini jua unachonunua, kwa televisheni ya Uturuki ni epi 150 na kila moja ni kama masaa mawili, huko kwingine imekatwa vipande vifupi zaidi ya 400. Kwa bando ya simu sikushauri kabisa. Kama ni ya Ramadhani baada ya tarawehe mkiwa na waifai, sijui nyingine ya kuifikia, ingawa katikati yavuta kamba, adui akiuawa aja mwingine vilevile.

5. Succession (2018 mpaka 2023, sizoni 4, epi 39)

Mzee tajiri hataki kuachia kampuni, watoto wanne wang'ang'ania. Nani hapa hajui ugomvi wa urithi? Matusi mazito, vaa hedifoni.

6. Country Queen (2022, epi 6)

Siriz ya kwanza ya Kenya iliyotolewa na Netflix kama yao wenyewe. Binti arudi kijijini baada ya miaka mingi, akuta kampuni ya madini yataka ardhi yao. Kuna nyuzi hazikufungwa, ndo maana iko hapa chini, ila Kiswahili chake chazungumzwa kama tunavyozungumza na yastahili pesa yako.

Sasa zile utakazoambiwa na kila mtu. Game of Thrones, sizoni 8, epi 73, sizoni nne za kwanza ni kali mno, lakini ile ya mwisho yakimbizwa kwa epi 6 na watu waliojengwa miaka yote wabadilika kwa siku moja, kwa kigezo changu haipiti. Na Prison Break nunua sizoni ya kwanza peke yake, epi 22, ile ramani ya jela ambayo shujaa wake alijichora mwilini haijapata mfano, na wakisharuka ukuta zima tivii.