Ziara ya Quezon, Manila: urais kibao, uwakili kiduchu

Naanza na hukumu kabisa kwa wenye haraka: ziara ni nzuri, hela yako haipotei, ila kama unaenda kwa ajili ya Manuel Quezon, yule rais wa zamani wa Ufilipino, enzi zake za uwakili na ugavana wa mkoa, basi jiandae kuuliza maswali mwenyewe maana hawa wanakimbilia urais tu.

Jina la kampuni silitaji, zipo kadhaa za namna hiyo Manila. Ni nusu siku, wanakufuata hotelini na kipanya chenye kiyoyozi mpaka Quezon Memorial Circle, bustani yenye mnara wa kumbukumbu yake, kule Quezon City. Dereva anaijua kazi yake aisee, maana foleni ya kule si ya kitoto, na ile Elliptical Road inayozunguka bustani ukiwa kwa miguu usijaribu kuikatiza, pita njia ya chini kwa chini upande wa City Hall.

Mnara una mita 66, nguzo tatu kwa ajili ya Luzon, Visayas na Mindanao, yaani sehemu kuu tatu za visiwa vya nchi, na juu kabisa malaika watatu wa huzuni wameshika mashada ya maua ya sampaguita. Ndani ndo kuna kaburi la mzee, na makumbusho yapo hapohapo, kuingia bure. Hapo mtembezaji wetu, dada mmoja mchangamfu kweli, akawaka: Quezon alivyomshinda Aguinaldo, yule kiongozi wa zamani wa mapinduzi, kwenye uchaguzi wa urais 1935, Wayahudi zaidi ya 1,200 aliowafungulia mlango wakati nchi nyingi zimewafungia, wanawake kupata haki ya kupiga kura 1937, mpaka kifua kikuu kilivyommaliza Saranac Lake, New York, Agosti 1944. Sina neno, alisimulia vizuri.

Sasa ile miaka ya kabla akaipitisha fasta, alisoma sheria akawa gavana wa mkoa wa Tayabas, haya twendeni. Yaani pale ndo penye utamu jamani! Huyu ni kijana wa Baler, aliacha masomo ya sheria akaenda vitani akawa ofisa chini ya Aguinaldo, 1901 akajisalimisha kwa Wamarekani wakamweka ndani kwa miezi, halafu 1903 anakaa kwenye mtihani wa uwakili anashika namba 4. Namba 2 mwaka huohuo ni nani? Sergio Osmeña, waliyesoma naye sheria. Wote wawili wanakuja kuwa waendesha mashtaka wa serikali mikoani kwao, wote wawili 1906 wanakuwa magavana, mmoja Tayabas mmoja Cebu, na wote wanaishia kuwa marais. Hiyo peke yake ingetosha nusu saa ya ziara.

Na kazi yenyewe ya mashtaka haikuwa ya kukaa ofisini kupiga mihuri. Quezon alianzia Mindoro akahamishiwa Tayabas, na huko akampandisha kizimbani wakili wa Kimarekani aliyekuwa na gazeti lake Manila, kesi ya utapeli wa ardhi. Kijana wa miaka ishirini na kitu, nchi iko chini ya Wamarekani, mwajiri wake ni haohao Wamarekani, na anamshtaki Mmarekani! Lazima mkoa mzima ulimjua. Halafu ugavana wa enzi hizo wananchi hawakumpigia gavana kura moja kwa moja, walikutana madiwani wa miji wakachagua, kwa hiyo ilibidi uwajue watu mmoja mmoja, nani ana kinyongo na nani, nani anadaiwa fadhila. Hakukaa sana, 1907 akaachia ngazi akagombea Bunge la kwanza. Mimi naona ule ujanja aliokwenda nao Washington 1909 kuwakilisha Ufilipino, mpaka ikapatikana sheria ya Jones 1916 iliyoiahidi nchi uhuru, aliunoa palepale Tayabas, si kwingine.

Nilipombana dada wa watu kwa maswali kumbe anajua vizuri tu, akatoa simu akatuonyesha kwenye ramani kwamba Tayabas ya zamani ndo mkoa wa Quezon wa leo, ulibadilishwa jina 1946, na Baler sasa iko mkoa wa Aurora, jina la mkewe Quezon. Sasa kwa nini hayo hayamo kwenye ratiba? Waliompangia wamembania, wakati dakika kibao tulizimaliza kwenye duka la zawadi ambalo hakuna hata mmoja aliyeomba kupelekwa, tunaangalia sumaku za friji.

Kitu kingine, humohumo bustanini kuna makumbusho ya magari ya marais, na Chrysler Airflow ya Quezon ya 1937 ipo pale, sisi tuliingia baada ya kulalamika.

Nyota tatu na nusu kati ya tano, hiyo nusu ni ya dada. Ukibuki waambie mapema kwenye meseji kwamba unataka habari za Tayabas, na usikubali wakupangie Jumatatu, makumbusho yanakuwa yamefungwa.